Nani Abebe Maji?

Mada niliyopewa ni mwendo wa kila siku, na jinsi mwili unavyounguza nguvu ya chakula bila mtu kwenda kwenye jumba la mazoezi. Mtu akiisikia kwa haraka atasema hiyo ni habari ya Kinshasa, au ya Ulaya, ambako watu hulipa fedha ili wakakimbie juu ya mashine. Hapa Lusangi, Maniema, na kote tunakotembeleana kati ya Kasongo na Kabambare, nani anahitaji kufundishwa kutoka jasho? Mama aliyerudi shambani alasiri na kitunga cha mihogo, mtoto kifuani, jembe juu ya kitunga, nikimwambia atembee zaidi nitakuwa nimemtukana.

Simwambii hivyo. Ila ndani ya ua wa mama huyohuyo kuna kiti, na kwenye kiti hicho kuna baba aliyekaa tangu asubuhi. Ni fundi cherehani, au mwenye duka, au karani, au mzee ambaye watoto wamekua na sasa wanamlisha. Siku hizi akipanda kilima kidogo anatweta. Amepimwa kwenye kituo cha afya, presha imezidi. Kwa hiyo chini ya paa moja tuna mwili unaotumika kupita kiasi na mwili usiotumika. Mwendo Lusangi upo tele. Umegawanywa vibaya, na hilo ndilo nimekuja kulisema.

Tuanze na mwili wenyewe. Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori. Mtu mzima wa kilo 60 akilala kutwa kucha bila kuinua hata kidole, bado atatumia kalori 1,300 hadi 1,600, kwa sababu moyo, ubongo, ini na mapafu havilali. Kusaga chakula tumboni kunachukua kama sehemu moja ya kumi ya kile tulichokula. Kinachobaki ni cha mwendo, na hapo ndipo watu hutofautiana sana. Wengi wakisikia mwendo wanafikiri mpira au mbio. Lakini sehemu kubwa ya mwendo wa binadamu haina jina la mchezo: kuinuka, kuinama, kufagia ua, kupepeta mchele, kwenda kwa jirani kuomba kaa la moto, kusimama wakati wa kuongea badala ya kukaa.

Mwaka 1999 daktari James Levine na wenzake wa Mayo Clinic, jimbo la Minnesota huko Marekani, waliwachukua watu 16 wasio wanene, wakawalisha kalori 1,000 zaidi ya mahitaji yao kila siku kwa wiki 8. Chakula kilipimwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuongeza mazoezi. Mwishoni, aliyenenepa kidogo kuliko wote alikuwa ameongeza mafuta yasiyofika nusu kilo. Aliyenenepa zaidi alipita kilo 4. Ziada ya chakula ilikuwa ileile! Kilichowatenganisha hasa ni vijimwendo hivi visivyo na jina. Baadhi yao, bila kukusudia, walianza kusimama mara nyingi zaidi, kuzungukazunguka, kujigeuzageuza, na ziada ikaungua. Wengine walitulia, na ziada ikakaa tumboni. Mwaka 2005 Levine huyohuyo aliwavalisha watu wembamba na watu wanene nguo zenye vipimo vya mwendo kwa siku 10. Wanene walikaa kitini kama saa mbili zaidi kwa siku. Kama wangesimama na kusogea kwa kadiri ya wenzao, wangeweza kutumia kalori 350 zaidi kila siku, bila kukimbia hata hatua moja.

Kabla yake, mwaka 1953, Mwingereza Jerry Morris alichapisha habari za mabasi ya London, yale ya ghorofa mbili. Dereva alikaa siku nzima. Kondakta alipanda mamia ya vidato vya ngazi za basi kwa siku akikata tiketi. Walitoka mitaa ileile na walifanya kazi kwenye gari moja, lakini makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na walioupata, ulikuja umri ukiwa umesogea na haukuwaua haraka kama wenzao. Kazi ya ngazi ilikuwa imewalinda, na hakuna aliyeiita mazoezi.

Sasa turudi uani. Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya yana hesabu inayotusaidia. Ukichukua mwili uliolala kuwa 1, kukaa na kuzungumza ni 1.4, kupika ni 2 na kidogo, kulima na kupalilia kwa jembe la mkono ni 4.1, kuteka maji na kuokota kuni ni 4.4. Siku nzima ikijumlishwa na kugawanywa, mtu ambaye hafiki 1.7 ni mtu wa kukaa. Anayepita 2 ni mtu wa kazi nzito. Mama mwenye shamba, anayelima saa sita, anateka maji, anatwanga na kupika, anafika 2.25 bila shida. Mwili wake ukiwa wa kalori 1,300 kitandani, basi siku yake inamdai kalori 2,900. Baba wa kitini, hata akiwa na mwili mkubwa wa kalori 1,600, anadaiwa kama 2,400. Mama ndiye mwenye haki ya sahani kubwa. Nani anayepakuliwa kwanza, na nani anayepewa kipande cha samaki? Mnajua wenyewe, sina haja ya kujibu.

Naomba tumtazame mtu mmoja anayetwanga mihogo mikavu, tumtazame kweli, kwa sababu tumemzoea hata hatumwoni. Miguu imeachana, mmoja mbele kidogo. Mchi unapopanda, kisigino cha nyuma kinainuka na mgongo unanyooka. Unapofika juu kabisa, vidole vinafunguka, mchi unabaki hewani kitambo kisichozidi kofi moja, na wengine hulipiga hilo kofi. Kisha mikono inaudaka na tumbo lote linakaza kuusukuma chini. Wakiwa wawili kwenye kinu kimoja, wanapokezana, na aliyechoka hawezi kupunguza mwendo bila kumwumiza mwenzake vidole. Hakuna msuli wa mwili usioingia kazini pale: mapaja, makalio, kiuno, mabega, vidole. Mashine za mazoezi za matajiri zimebuniwa ili kuigiza vipande vya kazi hiyo kimoja kimoja. Na baada ya kutwanga kuna kuchekecha, kisha kusonga bugali, ambako nako si mchezo nyumba ikiwa na watu kumi.

Lakini hesabu hizi zina mpaka, na lazima tuujue tusije tukadanganyana. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo walivyochukua kwa Wahadza wa Tanzania, wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kutafuta asali. Hutembea sana kila siku. Watafiti waliwanywesha maji yenye alama maalumu ili kujua mwili unatumia nini kwa siku nzima, si kwa saa moja. Wanawake walitumia kama kalori 1,900, wanaume kama 2,650. Ukilinganisha watu wa uzito sawa, Mhadza anayezunguka porini hatumii zaidi ya Mmarekani wa ofisini! Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti. Kama mama wa nyumbani anavyobana sabuni mwezi ambao ada ya shule imepanda, mwili unaotembea sana hubana matumizi ya ndani. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani. Lakini mafunzo mawili yako wazi.

La kwanza ni la baba mwenye kitambi. Asitegemee mwendo peke yake kukiondoa. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya mawese kina kalori kama 120, na kuziunguza ni nusu saa ya kutembea kwa haraka. Sombe yetu tunaipenda ielee, mchele wetu tunaupenda ung'ae. Anayekaa kutwa na apunguze mafuta na bugali ya usiku. Mwendo utamsaidia kisha. Ila Wahadza wale, pamoja na bajeti yao, walipopimwa presha ilikuwa ndogo hata kwa wazee. Mwendo una kazi nyingine mbali na mizani: unalainisha mishipa, unaupa moyo nguvu, na msuli unaosogea huvuta sukari kutoka kwenye damu. Kutembea dakika chache baada ya kula, hata kuuzunguka ua tu, hushusha sukari ya mlo ule. Ndiyo maana mtu anaweza kuutumia mwendo vizuri na asipungue hata kilo moja, na bado akawa amejiokoa.

Funzo la pili ni la mama, na ni chungu. Mwili unapobana, unabana wapi? Peter Ellison na wenzake wa Harvard waliwafuatilia kina mama Walese wa msitu wa Ituri, katika nchi yetu hii, miaka ya 1980. Msimu wa uhaba ulipofika na miili ikakonda, homoni za uzazi zilishuka. Mwili ulikuwa umesitisha kazi moja ili kulipia nyingine. Kwa hiyo kwa mtu anayefanya kazi nzito na kula kidogo, kila safari ya maji inakatwa mahali fulani: kwenye uzazi, labda hata kwenye damu na kwenye nguvu ya kupambana na malaria. Kalori anayoitaka baba iungue, mama anaihitaji ibaki.

Mtaniambia kina mama wameumbwa kubeba. Hili nalo limepimwa. Mwaka 1986 Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walionyesha kwamba kina mama Waluo wanaobeba kichwani, na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa kipajini, waliweza kubeba mzigo wa hadi sehemu moja ya tano ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada. Dunia ilishangaa. Lakini fanyeni hesabu. Mama wa kilo 55, sehemu moja ya tano ni kilo 11. Bido la maji la lita 20 ni kilo 20. Baada ya kiwango kile, gharama hupanda kama kwa mtu mwingine yeyote. Na kina mama wa Afrika Kusini walipopimwa baadaye, wengi hawakuwa na nafuu hiyo hata kwa mzigo mdogo. Tena vipimo hivyo vilipima pumzi, havikupima shingo. Wauguzi waliomo humu wanajua ni kina mama wangapi huja wakilia shingo na kiuno.

Basi kwa nini baba amekaa? Kuna watakaosema ni uvivu. Mimi sikubaliani. Njia za nchi hii zimetembewa kwa lazima. Kasongo ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, ilisimama juu ya migongo ya wapagazi. Pembe za ndovu zilitoka huku kwa miguu hadi Ujiji, Tabora na pwani, na pamoja nazo watu waliofungwa shingo. Majeshi ya mfalme Leopold wa Ubelgiji yalipoiteka Kasongo mwezi wa 4 mwaka 1893, mzigo haukushuka, ulibadilisha mwenyewe tu. Ofisa alikaa kwenye kipoyi, watu wakambeba yeye na masanduku yake. Kilimo cha pamba cha lazima katika Kongo ya Wabelgiji kilianzia hapa Maniema, mwaka 1917. Babu zetu walilima pamba kwa hofu ya fimbo wakati mashamba ya chakula yakisubiri. Hata baada ya uhuru kulikuja salongo, kazi ya lazima ya Mobutu, na wengi mliomo humu mliilima. Vizazi kwa vizazi aliyekaa alikuwa mkubwa, aliyebeba alikuwa mtu wa chini. Mwanamume aliyepata kiti chake mwenyewe alikuwa amepata uhuru, na aliukalia. Ninaielewa heshima hiyo na siibezi. Lakini mzigo haukutoweka siku ile alipokaa. Ulihamia kwa mke na kwa binti.

Vijana nao wameanza kukaa. Wakubwa mnakumbuka vijana wa toleka waliosukuma kinga, yaani baiskeli, kati ya vijiji na miji ya Maniema, chumvi na sabuni wakija, mchele na mawese wakienda, ufito umefungwa kwenye usukani ili mtu asukume huku anatembea. Ilikuwa kazi ya kuua, sitaki irudi. Motari wa leo, juu ya pikipiki, anafika kwa saa chache, na mgonjwa wa kujifungua anaokolewa naye. Hata hivyo motari anakaa kitini kutoka asubuhi hadi usiku sawa na yule dereva wa London, na kijana anayemlipa ampeleke mwendo wa dakika kumi anazinunua dakika kumi za kukaa. Ule mwendo mfupi wa sokoni, wa shuleni, wa kumjulia hali mgonjwa, tuuache kwa miguu.

Baadhi ya mwendo tunao tayari na hatuuhesabu. Mwislamu anayeswali swala tano ana rakaa 17 za faradhi, sijda 34 kwa siku: kusimama, kuinama, kushuka hadi chini na kuinuka. Swala ni ibada, haiswaliwi kwa ajili ya magoti. Lakini mzee wa miaka 75 anayeinuka kutoka sakafuni bila kushikwa mkono ana mapaja ambayo wazee wengi wa nchi tajiri hawana. Na anayekwenda kwa miguu kwenye misa ya Jumapili na kurudi, hivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na limeondoa sharti la zamani kwamba ni lazima ziwe kumi kumi mfululizo. Dakika mbili zinahesabiwa. Chemchemi iliyo mwendo wa robo saa, kwenda na kurudi ni nusu saa. Siku tano kwa wiki, dakika 150 zimetimia, na bido limejaa.

Hilo ndilo pendekezo langu. Mwanamume wa Lusangi ambaye kazi yake ni ya kukaa na achukue safari moja ya maji kwa siku, au kuni za nyumba. Asichukue kama msaada kwa mke, achukue kama dawa yake mwenyewe, na dawa hiyo itampunguzia mwenzake kitu ambacho mwili wake haukuwa na uwezo wa kukilipia. Mwanamke mwenye mimba kubwa asiwe na bido hata moja. Anayeona aibu kubeba kichwani, apakie mabido mawili kwenye kinga na aisukume. Kusukuma kinga yenye kilo 40 mlimani ni kazi kamili. Atwange pia. Mabega ya mwanamume yameumbwa vizuri sana kwa mchi.

Tahadhari ni hizi. Mwenye presha isiyotibiwa, mwenye maumivu ya kifua akitembea, mwenye ngiri, asianze kwa kuinua mzigo. Aanze kwa kutembea mikono mitupu, na akapimwe. Mwenye kisukari asiende peku: kidonda cha unyayo asichokisikia kinaweza kumgharimu mguu. Aliyekaa miaka mingi aanze na bido la lita 5 kila mkono. Wauguzi nao nina ombi kwao. Kasongo iliwahi kufundisha dunia kwa mizani: katika mradi wa afya ulioanza hapa mwaka 1971 pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, watoto wa Kasongo walipimwa uzito ili ijulikane wembamba wa kiasi gani unatangulia kifo. Mizani hiyo tuliizoea kwa kutafuta waliopungua. Siku hizi ipimeni nyumba nzima, baba na mama pamoja, mbele ya macho yao wote wawili, halafu kamba ya kupimia kiuno, halafu presha. Nyumba ambamo mmoja anapungua na mwingine anaongezeka itajiona yenyewe.

Ninajua mwanamume wa kwanza atakayefika chemchemini na bido atachekwa, na wa kumcheka zaidi huenda wakawa kina mama wenyewe. Kwa hiyo siwaombi vijana waanze. Nawaomba ninyi wazee mliokaa mstari wa mbele, mnaoheshimiwa, ambao hakuna mtoto wa hapa atakayethubutu kuwacheka. Kesho, baada ya swala ya alfajiri au kabla ya kengele ya kanisa, chukueni mabido madogo, mwende wawili wawili, mkiongea yenu njiani. Wajukuu watawafuata wenyewe.